Kilimia hakienei kwenye kamera

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Singida. Shemeji aliniachia darubini ya kioo, fokasi yake mm 1200, pamoja na stendi ya mota. Juzi usiku nilifunga kamera nikapiga Kilimia, kile kifungu cha nyota, kwa sekunde 30. Zimeingia nyota chache tu, nazo zimevutika kama vijiti. Mota inazunguka, nimeisikia kwa masikio yangu. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba, fundi. Mota ni nzima. Kilichopotoka ni mhimili inaouzungukia. Kitabu cha stendi bila shaka kimekuambia uulenge kwenye nyota ya Kaskazini. Kiliandikiwa watu wa Ulaya. Kwako Singida nyota hiyo haichomozi hata siku moja. Elekeza mhimili kusini, uinuke digrii 5 tu juu ya upeo wa macho, na swichi ya mota, kama ipo, iweke kwenye S, yaani kusini. Stendi nyingi hugoma kushuka hivyo, basi fupisha mguu wa tripodi ulio upande wa kusini. Wangu uliganda kwa kutu, nikaweka matofali chini ya ile miwili ya kaskazini.

Sasa chukua nyota moja ya mkanda wa Orioni, zile tatu zilizojipanga mstari, ikiwa karibu na utosi, iangalie dakika 5. Ikiteleza kaskazini au kusini, sogeza stendi kidogo kushoto au kulia mpaka itulie. Rudia kwa nyota iliyo chini mashariki, safari hii ukiinua au kushusha mhimili. Kazi hii hula saa nzima. Chupa ya chai iwe karibu.

Kuhusu kutoenea: mm 1200 kwa kamera ya kawaida huona kama digrii 1 kwa upana, na Kilimia pamoja na vumbi lake la buluu kinataka kama 2. Ivishe kamera lenzi ya mm 200, uifunge mgongoni mwa darubini. Piga picha 60 za sekunde 30, uzirundike ziwe picha moja kwa Siril, programu ya bure ya kompyuta. Picha moja pekee haitakuonyesha hilo vumbi.

Darubini yenyewe iwekee Mei, mvua zikishaisha. Jirani na nyota Mimosa ya Msalaba wa Kusini kuna kifungu cha nyota NGC 4755, ambacho Lacaille, mtaalamu wa nyota Mfaransa, alikiorodhesha akiwa Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1750. Upana wake ni theluthi ya mwezi, kitaenea chote, na kati ya nyota za buluu utaiona moja nyekundu.