Ukienda kwenye simuleta, mwambie muzee unachokiona

Juma lililopita mdogo wangu mmoja, rubani msaidizi mwenye mwaka mmoja kazini, alikuja kwangu Bel-Air akiwa na wasiwasi. Anakwenda Johannesburg kupimwa kwenye simuleta, mashine inayoiga ndege bila kuruka, akataka kujua asome nini. Niliyomwambia nayaandika hapa kwa ajili ya wengine walio njiani.

Hapa Lubumbashi wengi hudhani rubani akipata leseni amemaliza shule. Rubani wa ndege za abiria hupimwa uwezo mara mbili kwa mwaka. Daktari humkagua kila mwaka, na akishapita miaka 60, kila miezi sita. Siku 90 zikipita hajaruka na kutua mara tatu, habebi abiria mpaka arudishe mkono. Kuna pia mkaguzi anayepanda nanyi safari ya kweli, akakaa nyuma yenu na kuandika. Hayo utayazoea.

Kinachonyima watu usingizi ni simuleta. Ndani ni chumba cha marubani kamili, na kinatikisika kama ndege yenyewe. Unasukuma leva mbele, ndege inakimbia, mnapita V1, ile kasi ambayo baada yake hamsimami tena, na papo hapo mkufunzi anakuzimia injini. Pua inavutwa upande wa injini iliyokufa; mguu wako lazima uwe umeshakandamiza pedali ya upande wa pili. Sisi wa Luano jambo hili linatuhusu sana. Uwanja wetu uko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na jua la Oktoba likiwaka hewa inakuwa nyepesi, injini inapungua nguvu. Ukibaki na injini moja, ndege inapanda polepole mno, na mguu mzito unaila hata nguvu hiyo ndogo.

Mkono ufundishe nyumbani. Mimi nimebandika ukutani picha ya swichi zote kwa ukubwa wake. Mke wangu anasoma hatua, mimi naigusa kila swichi na kuitaja. Dakika 20 kila jioni, wiki mbili kabla ya safari, zinatosha.

Lakini mimi sikuangushwa na mkono. Katika mwaka wangu wa pili, ndani ya simuleta, nilikaa kiti cha kulia, kushoto kapteni wa rika la baba yangu. Tulikuwa tunashuka kutua kwenye mvua, nikaona mwendo uko chini ya unaotakiwa kwa noti 10, kipimo cha kasi ya ndege. Kwetu mtoto hamkatizi mzee. Nikasema kwa sauti ya chini, "Muzee... mwendo." Hakusikia. Nikanyamaza, nikitumaini ameona mwenyewe. Usukani ukaanza kutetemeka mikononi, onyo kwamba mbawa zinakaribia kushindwa kuibeba ndege. Mkufunzi akasimamisha kila kitu, taa za njia zikaganda mbele yetu. Hakumgeukia kapteni. Aliniuliza mimi: "Uliona?" Nikajibu ndiyo. Nilirudia mafunzo siku mbili, na swali lile sijalisahau.

Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu, watu 583 wakafa. Ndani ya ile ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, fundi wa ndege aliuliza kama nyingine imeshatoka njiani. Kapteni, mkufunzi aliyeheshimiwa sana, akajibu kwamba imetoka. Hakuna aliyeuliza tena. Misiba ya namna hiyo ndiyo iliyofanya marubani duniani waanze kufundishwa kusema na kusikilizana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, taja jambo na kipimo chake: "Muzee, mwendo, chini kwa 10." Asipojibu, sema mara ya pili: "Kapteni, turudi hewani." Akikaa kimya bado, shika usukani na utamke kwamba umeushika. Heshima haipotei hapo; unamlinda yeye na watoto wake. Sasa nakaa kushoto, na kabla ya kuwasha injini namwambia mwenzangu: ukiona kitu sema, hata ukikosea nitakushukuru.

Jioni ile tulipanga viti viwili mbele ya ukuta, nikajifanya sioni mwendo ukishuka. Mara ya kwanza kijana alinong'ona. Ya pili akakohoa kwanza. Ya tatu mke wangu alimsikia akiwa jikoni, anasonga bukari.