Wadogo zangu, mkasi uwekeni chini

Juzi nimeona tena kijana wetu akizipunguza kwa mkasi nyuzi zilizochomoza kwenye mpasuko wa kanvasi ya picha tunayoikarabati, eti kingo ziwe safi kabla ya kiraka. Nawapenda, lakini hili limenichosha. Someni.

1. Mbele ya picha linda kwanza kwa karatasi ya Kijapani, ile nyembamba yenye nguvu, ndipo uilaze kifudifudi.

2. Nyuzi hazikatwi. Kuna mama alituletea picha ya mibuyu, rangi ya mafuta, urithi wa marehemu baba yake. Fundi mmoja alikuwa ameshapitisha mkasi kwenye mpasuko, akabandika nyuma kipande cha amerikani kwa gundi ya mbao. Kiangazi cha Dodoma kilipoingia, kitambaa kipya kikavuta kwake, cha zamani kwake. Mstatili wa kiraka ukajichora mbele, katikati ya mbuyu, kingo zikabinuka kama midomo, rangi ikapukutika. Gundi ile tuliing'oa kwa kisu kidogo chini ya lenzi, chembe kwa chembe, na nyingine ilitoka na uzi wake. Kiraka kilitoka. Lakini tulipotaka kuukutanisha mtande na mtande (nyuzi za urefu), mshindio na mshindio (nyuzi za upana), hapakuwa na cha kukutanisha: pengo tupu, na ncha zake zilishatupwa na takataka. Ikabidi tupachike nyuzi za kitani kigeni. Yule mama aliuliza kama itarudi ilivyokuwa. Mtu anauliza hivyo kuhusu urithi wa baba yake, nawe unajua jibu ni hapana, kwa sababu ya mkasi tu!

Kila uzi uliochakaa mnaouona pale ndio dawa yenyewe. Mjerumani Winfried Heiber alifundisha kuunga uzi kwa uzi, kwa gundi ya kibofu cha samaki iliyochanganywa na wanga wa ngano. Kibano, lenzi, makalio yatulie kitini.

3. Nyuzi kavu hukatika. Zipe unyevu kidogo kabla ya kuzinyoosha, kisha weka uzito juu yake.

4. BEVA 371, gundi yetu ya kuyeyushwa kwa joto, hushika kwenye nyuzijoto 65 hivi. Pimeni pasi, msikisie.

5. Kabari za fremu, vile vipande vya pembeni vinavyogongwa ili kuikaza kanvasi. Kanvasi ikilegea Februari kwa unyevu wa mvua zetu, msikimbilie nyundo. Julai hewa ikikauka, gundi ya msingi, ile iliyopakwa kwenye kanvasi kabla ya rangi, itaikaza yenyewe, na kama mlishagonga, mpasuko mliouunga utafunguka palepale.