Karatasi Ikitoka Chumbani: Kwa Mshauri Nasaha Anayeanza Kazi

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, Tanga, nilimpa mama mmoja karatasi ya kuandika mawazo aende nayo nyumbani. Ilikuwa na safu nne, nimeichapa vizuri, nikamweleza kwa utaratibu: andika kilichotokea, ulichowaza, ulivyojisikia, kisha uje tuisome pamoja. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba. Wiki iliyofuata hakuja. Wiki ya pili alikuja, akaniambia mumewe aliikuta chini ya godoro na aliisoma yote. Alikuwa ameandika kwamba kila akisikia mlango unagongwa usiku huwaza, "leo tena." Yaliyofuata nyumbani mle siyaandiki, na mengine nimeyabadilisha ili asitambulike. Kosa lilikuwa langu. Nilifikiria safu, nilifikiria maneno, sikufikiria karatasi ile italala wapi.

Tangu siku hiyo, kabla sijamkabidhi mteja karatasi yoyote, namuuliza: ukifika nayo nyumbani utaiweka wapi, na nani mwingine anaweza kuifikia? Wadogo zangu mnaoingia kazini, mengine nitakayosema hapa mnaweza kuyapima kwa uzoefu wenu. Hilo moja naomba mlichukue kama lilivyo.

Najua mnavyoanza, kwa sababu nami nilianza hivyo. Mnapakua mafaili ya mazoezi kutoka mtandaoni, mnayatafsiri usiku, mnayachapa kwa fedha zenu. Karatasi nyingi kati ya hizo zilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye chumba chake, droo yake na mazoea ya kujaza fomu. Mteja wako huenda analala na watoto watatu chumba kimoja. Pengine mara ya mwisho kujaza fomu ilikuwa polisi. Mzee mmoja mvuvi aliirudisha kalamu yangu taratibu juu ya meza: "Mwanangu, fomu ya mwisho niliyojaza ilikuwa ya mkopo, na mkopo ndio ulionileta hapa kwako." Siku ile sikuandika chochote mbele yake. Nilisikiliza tu.

Kwa hiyo msianze na fomu. Watu wetu hawaingii mlangoni wakisema wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Wanasema wana mawazo, kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, usingizi umekimbia. Wengi wameshatibiwa vidonda vya tumbo mara tatu. Zimbabwe, mtaalamu wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alipoanzisha Benchi la Urafiki, huduma ya ushauri nasaha ya mtaani, mwaka 2006, akiwa na akina bibi wa mtaa wa Mbare, hawakulazimisha jina la kigeni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mswahili akikwambia "nina mawazo", amekukabidhi neno la kuanzia kazi. Litumie lilelile mpaka mwenyewe atakapoomba jina jingine.

Baada ya hapo dodoso lina nafasi yake, na PHQ-9, la kupima sonona, ndilo mtakalokutana nalo zaidi. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja linajibiwa kwa alama 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Kuanzia 10 tunaangalia kwa makini zaidi. Halilipiwi, na halihitaji kibali kulinakili, tofauti na madodoso mengine ambayo ni mali ya kampuni. Kwa wasiwasi kuna GAD-7, maswali 7, jumla ya juu 21, utaratibu uleule.

Ugumu uko kwenye majibu: "siku kadhaa", "zaidi ya nusu ya siku hizo", "karibu kila siku". Mteja anakwambia "mara nyingi tu", nawe unabaki kubahatisha. Mimi naweka punje 14 za kunde mezani. Nasema, hizi ndizo siku 14 zilizopita, nitengee zile ambazo hukulala vizuri. Anazisogeza kwa kidole, moja moja, na mara nyingi anapozisogeza ndipo anapokumbuka: hii ilikuwa siku ya msiba, hii mtoto alikuwa anaumwa. Dodoso la dakika tatu linachukua dakika kumi na tano, na hizo dakika za ziada ndizo zenye faida.

Swali la 9 lisomeni kwa sauti ileile mliyosomea mengine. Linauliza kama mtu amewaza kwamba ni heri afe, au amewaza kujidhuru. Msilipite mbio, msiliruke kwa huruma. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi huvuta pumzi ndefu kwa sababu hatimaye mtu ameuliza. Na kamwe fomu isiingie kwenye faili kabla hamjautazama mstari huo. Mimi niliwahi kumwachia kijana ajaze mwenyewe kwenye benchi la nje, nikaipokea, nikamwambia tutaonana Alhamisi. Saa moja baadaye nikaiona ile 3 kwenye mstari wa mwisho. Nilimpata kwa simu, akarudi. Lakini saa ile moja ninaikumbuka mpaka leo.

Jibu likiwa lolote zaidi ya 0, kikao kinabadilika hapohapo. Unauliza kama ana nia, kama amepanga, kama kile alichokiwazia anaweza kukifikia, unamwita msimamizi wako, na mnaandaa mpango wa usalama. Mpango uliotungwa na Barbara Stanley na Gregory Brown unakwenda kwa hatua: dalili zangu kwamba hali inaharibika, ninachoweza kufanya peke yangu, watu na mahali pa kunituliza, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu wa kuwapigia, na mwisho kuviondoa vya hatari karibu yangu. Hatua hiyo ya mwisho msiiache hewani. Kwenye familia za wakulima namaanisha sumu za shambani zitoke ndani ya nyumba leo, zihifadhiwe kwa ndugu au jirani anayetajwa kwa jina. Mfahamu pia kwamba mteja anaweza kuogopa kukujibu kwa sababu ya sheria. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwetu Tanzania hofu hiyo bado ina msingi. Mweleze mapema unachoandika, kinakaa kabati gani, na nani ana ufunguo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Sasa niseme kuhusu karatasi ya mawazo, maana hapo ndipo lugha yetu inatudai akili zaidi.

Msingi wake ni kazi ya Aaron Beck wa Philadelphia katika miaka ya 1960: tukio halituumizi peke yake, tafsiri tunayolipatia nayo inaumiza. Karatasi inamtaka mtu atenganishe wazo na hisia. Ukitafsiri safu ya tatu kuwa "ulihisi nini?", utapata majibu kama "nilihisi ananidharau", "nilihisi kuna kitu wananificha." Mteja hajakosea. Kwa Kiswahili kuhisi ni kusikia moyoni, na pia ni kushuku. Umemuuliza hisia, akakupa shuku, na shuku ni wazo. Nilihangaika na jambo hili miezi mingi nikidhani wateja hawajanielewa, kumbe swali langu ndilo lililokuwa na milango miwili.

Siku hizi nauliza hivi: Nini kilitokea? Kichwa kilikwambia nini? Moyo ulikuwaje? Mwili ulifanya nini? Kisha wewe ukafanya nini? "Moyo ulikuwaje" huleta huzuni, hofu, aibu, hasira, upweke. Akisema "uchungu", subiri, usiandike haraka. Uchungu unaweza kuwa wa kufiwa na unaweza kuwa wa kudhulumiwa, na njia zake si moja. Safu inayoitwa "ushahidi" nimeifuta kabisa. Neno hilo linamweka mtu kizimbani, anaanza kujitetea. Badala yake nauliza, mdogo wako angekuja na maneno haya haya, ungemwambiaje? Hapo hata mtu aliyekaa kimya nusu saa hupata la kusema.

Na kuna kosa jingine katika kisa cha yule mama, ambalo nililiona baadaye zaidi kuliko la godoro. Karatasi ya mawazo haikuwa zana yake. Hofu yake ya mlango kugongwa haikuwa tafsiri potofu. Mlango ukigongwa, alipigwa. Mimi nilikuwa namfundisha kulihoji wazo lililokuwa kweli tupu. Kabla ya kuchagua karatasi jiulize: shida hii iko kwenye namna anavyoyaona mambo, au iko kwenye mambo yenyewe? Ikiwa ni mambo yenyewe, chukua zana ya kutatua matatizo. Mafunzo ya PM+, ya kukabiliana na matatizo, ya Shirika la Afya Duniani, yenye vikao 5, yanampa mtu hatua hizo: kutenganisha lililo ndani ya uwezo wake na lisilo, kuchagua moja, kuorodhesha njia zote hata zile za ajabu, kuchagua, kujaribu, kurudi kutathmini. Yalijaribiwa Nairobi kwa wanawake, wengi wao waliopitia ukatili wa kijinsia, na yakasaidia. Lakini palipo na kipigo hata hayo hayatoshi peke yake. Mjue afisa ustawi wa jamii wa eneo lako kwa jina, mjue anayekaa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na namba zao ziwe kwenye simu yako kabla hujazihitaji.

Ratiba ya shughuli ni nyepesi zaidi, na kwa sonona naipenda kuliko zote. Mtu akizama huacha mambo madogo yaliyokuwa yanamwinua, akiyaacha anazama zaidi. Tunarudisha moja, dogo kabisa. Tahadhari ni ya saa. Fomu ya kupakua inaanza na "7:00", mteja wako anasoma saa saba mchana, na wiki nzima inapotea. Kwa wengi wa pwani mimi huchora mistari ya alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Yule mzee mvuvi alichagua alasiri: kushuka pwani, akae na wenzake wanaotengeneza nyavu, hata asiposhika uzi. Wiki ya kwanza alikwenda mara mbili. Tulikaa kikao kizima tukizungumzia hizo mara mbili, bila kugusa zile siku tano.

Hilo nalo lina sababu. Tukiita "kazi ya nyumbani", wengi wanakumbuka fimbo. Akija mikono mitupu anaona aibu, na mwenye aibu haji tena. Mimi nasema "jaribio". Jaribio lisipofanyika tunatazama nini kililizuia, na mara nyingi kizuizi ndiyo habari tuliyokuwa tunaitafuta.

Kwa asiyesoma, sauti ya simu inatosha, au michoro, au mafundo kwenye uzi. Kwa anayesoma lakini hana pa kuficha, nimegundua daftari dogo la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nyumba yenye watoto lina wenzake kumi, na ni nadra mtu mzima kulifungua. Hata hivyo muulize mwenyewe. Yeye ndiye anayeijua nyumba yake.

Yule mama aliendelea kuja. Mpango wake wa usalama hatukuuandika popote. Tuliurudia kwa mdomo mpaka akaujua kama anavyojua njia ya sokoni, na namba yangu akaihifadhi kwenye simu kwa jina la fundi cherehani. Akipiga na kuuliza, "Fundi, nguo yangu iko tayari?" najua hayuko peke yake chumbani. Namuuliza maswali ya ndiyo na hapana.