Kichwa Chako ni Mali ya Seti

Wiki jana binti anayecheza hausigeli alikuja siku ya tatu ya kushuti na kucha za bandia ndefu kama vijiko. Siku mbili kabla yake alikuwa amefua nguo mbele ya kamera kwa vidole vitupu. Nilipomsema akanijibu, "Dada, hata Madina Nalwanga aliuza mahindi mtaani, leo ni staa. Riziki haiangalii kucha." Nikacheka, nikakasirika, nikakaa kuwaandikia haya, wadogo zangu mnaoanza kuigiza.

1. Hiyo habari ya Madina mnaisimulia nusu. Ni kweli aliuza mahindi mitaani Kampala, kama Phiona Mutesi, yule mchezaji wa sataranji aliyemwigiza kwenye Queen of Katwe ya mwaka 2016. Lakini waliokuwa wakisaka waigizaji hawakumkuta kwenye mahindi, walimkuta darasa la ngoma, yuko mazoezini. Mtoto aliyezoea kurudia hatua ileile mpaka jasho limtoke hanuni dairekta akisema "tena". Na Lupita Nyong'o, aliyecheza mama yake humo, aliwahi kuwa msaidizi tu kwenye filamu kubwa iliyoshutiwa Kenya, miaka kabla ya Oscar yake ya 2014. Ukitumwa maji, lete maji.

2. Shika na mistari ya mwenzako, siyo yako peke yake.

3. Ukishaingia sini ya kwanza, usiguse nywele, kucha wala nyusi mpaka utangaziwe kwamba tumefunga. Hapa nina kesi ya kujibu.

Filamu yangu ya pili tulishuti Bagamoyo, sini ya msiba wa mama mkwe. Nilisuka twende kilioni, mwenyewe nikiona nimepatia kweli. Jumamosi tukapiga nusu: nalia, najitupa chini, kanga inadondoka, kichwa chote nje. Jioni nikapewa advansi. Wadogo zangu, sijawahi kushika hela nyingi namna ile! Jumapili mchana nikafumua, nikashonea wivingi ya rangi ya shaba inayofika kiunoni. Nilijiona ndiyo naingia mjini.

Jumatatu alfajiri nikashuka kwenye gari natembea kwa madaha. Dada wa kontinuiti, anayehakikisha tunaonekana vilevile siku hadi siku, akaangalia picha zake, akaniangalia, akakaa chini kwenye mchanga bila kusema neno. Nikadhani mgonjwa, nikamuuliza kama amekunywa chai.

Nikapendekeza nijifunge kanga kichwani. Dairekta, kwa upole uliotisha kuliko matusi, akanikumbusha kwamba Jumamosi kanga ilianguka kwenye klozapu. Akatafutwa msusi. Kufumua uzi wa wivingi na kusuka upya kulikula mpaka alasiri, huku wazee wa kijiji tuliowakodi kama waombolezaji wakicheza bao chini ya mwembe na yule "marehemu" akilala usingizi wa kweli. Mwanga ukakimbia. Ikabidi wazee walipwe posho ya siku nyingine tena, na hela hiyo ilitoka kwangu. Nilirudi Dar na nauli tu na wivingi kwenye mfuko wa rambo.

Filamu ilipotoka nikamwita mama tuitazame. Kufika msibani akasogelea televisheni, akahesabu kwa kidole. "Mwanangu, umeanguka na mistari minane, umeinuka na kumi na miwili. Ulisuka saa ngapi na maiti iko ndani?" Mpaka leo ukoo mzima unaniita Kumi na Mbili.

4. Mkataba msomee mtu mwingine kwa sauti kabla ya kusaini. Pale utakapoona aibu kusoma ndipo penye shida.

5. Wewe wa kucha, asetoni iko kwenye mkoba wangu. Kesho tunaripoti saa kumi na moja alfajiri, njoo saa kumi tuanze na mkono wa kulia, ndio unaoshika ufagio.