Maswali na Majibu: Pawa saplai ya taa za utepe

Nina utepe wa LED wa mita 5, volti 12. Nitafute pawa saplai ya wati ngapi?

Soma lebo ya rola, utafute wati kwa kila mita. Utepe wa 5050 (namba hii ni saizi ya LED: milimita 5.0 kwa 5.0) wenye LED 60 kwa mita hula takriban wati 14.4; zidisha kwa 5, unapata 72. Ongeza robo, kwa sababu saplai inayofanya kazi kwenye ukomo wake muda wote huchemka na haidumu. Inakuwa 90, kwa hiyo chukua ya wati 100. Ikiwa imeandikwa ampea tu, gawanya wati kwa volti: 90 kwa 12 ni 7.5, basi ya ampea 8 inafaa. Usikisie kwa macho. Utepe wa 2835 wenye LED 60 kwa mita mara nyingi hula wati 4.8 tu, na ukiwa kwenye rola unafanana na ule mwingine.

Ampea zikizidi, taa haziungui?

Haziungui. Utepe huchota unachohitaji tu. Kinachounguza ni volti. Kwenye utepe mweupe wa volti 12, LED tatu hufuatana na rezista, kipande kinachozuia mkondo usizidi: LED zinachukua volti 9 hivi, rezista inabeba 3 zilizobaki. Ukiuwekea 24, mkondo unapanda mara kadhaa, na utepe hauchukui muda kuungua.

Mwanzoni taa ni kali, mwishoni zimefifia. Saplai ni mbovu?

Kwa kawaida saplai haina kosa. Volti zinapotea njiani. Washa taa zote, kisha pima volti kwa multimita sehemu tatu: kwenye terminali za saplai, mwanzo wa utepe na mwisho wake. Bila taa kuwaka vipimo havikuambii kitu.

Volti zikipungua kabla ya kufika kwenye utepe, kosa ni waya. Waya wa shaba wa 0.75 mm² wenye urefu wa mita 5, ukipitisha ampea 6, hupoteza karibu volti 1.4 kwenda na kurudi; wa 2.5 mm² hupoteza kama 0.4. Zikipungua ndani ya utepe wenyewe, peleka waya mwingine kutoka saplai hiyohiyo hadi mwisho wake, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Na usiunge rola ya pili kwenye mkia wa ya kwanza: kila mita 5 ipate waya wake. Kwa kazi ndefu tungechagua volti 24 tangu mwanzo, utepe na saplai vyote, maana kwa wati zilezile mkondo unapungua kwa nusu.

Zinawaka, zinazimika, zinawaka tena, kila sekunde.

Saplai inajikinga. Tenganisha nusu ya utepe: zikitulia, mzigo ulikuwa mkubwa. Zikiendelea, kagua maungio. Uzi mmoja wa waya uliogusa upande wa pili unatosha kuleta shoti. (Mkato uliofanywa nje ya alama ya mkasi nao ni mshukiwa.)

Nina transfoma ya zamani ya taa za halojeni, volti 12. Itafaa?

Hapana. Hutoa mkondo geu (AC), na utepe unataka mkondo mnyoofu (DC). Tena nyingi za kielektroniki haziwaki sawasawa mzigo ukiwa mdogo.

Naweza kutumia dima ya ukutani?

Kama saplai haikuandikwa kwamba inakubali dima (swichi ya kupunguza mwanga), itavuma, taa zitacheza, na mwisho itakufa. Weka dima ya volti ndogo kati ya saplai na utepe, yenye ampea zisizopungua za utepe.

Nikiificha saplai ndani ya dari?

Iwe mahali penye hewa na panapofikika, isifunikwe na sufi ya kuzuia joto. Ile ya bati yenye matundu lazima iungwe waya wa ethi, na terminali zake za umeme mkubwa zikae ndani ya boksi. Kabla ya kuwasha, chungulia ubavuni: nyingine zina swichi ndogo ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na umeme wako ni 230, italipuka mara moja.