Barua kwa mwanangu: rudi darasani, ila na swali lako la Busia

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Pumwani. Sisi tu wazima, na goti la baba yako limepata nafuu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa jikoni, nikausikiliza tena usiku. Unauliza kama mtu wa miaka 32, aliyezunguka Lamu, Unguja, Kampala na Busia akifanya vibarua, anaweza kuomba uzamili bila kuchekwa. Tena unauliza utajuaje kwamba unaitaka shule kweli, na si kwamba umechoka kuhamahama tu.

La kuchekwa nalimaliza upesi. Unajua nimewalea kwa kuchapa na kujalidi tasnifu za watu pale saiba, kwenye duka la kompyuta. Wateja wangu wa uzamili wamekuwa walimu wenye wajukuu, askari, wauguzi wanaotoka zamu ya usiku macho mekundu. Si ajabu madarasa mengi ya uzamili hapa mjini huwa ya jioni au Jumamosi. Miaka yako 32 hakuna atakayeiona.

Hilo la pili ndilo zito. Ukichapa kazi za watu kwa muda mrefu, unaanza kumjua atakayemaliza na atakayekwama. Masomo ya darasani wengi huyamaliza. Shida huanza kwenye utafiti: pendekezo linarudishwa, msimamizi hapatikani, mteja anaacha kuja, makaratasi yake yananibakia kwenye rafu. Na wanaokwama zaidi, nionavyo mimi, ni wale waliookota mada ili mradi wawe nayo. "Mambo yanayoathiri" kitu fulani katika kaunti fulani! Nimechapa hayo "mambo yanayoathiri" mpaka vidole vinayajua bila macho. Mwenyewe hana hamu ya jibu, sasa nani atamsukuma akishakosa usingizi?

Wewe hamu unayo. Ulipokuwa Busia ukiwakalimania wale wanawake wa biashara ndogo, ulinipigia simu kwa hasira. Ukaniambia kituo cha pamoja cha mpaka kimejengwa, maafisa wa Kenya na Uganda wanakaa mahali pamoja, msafiri anasimama mara moja tu. Tena kuna cheti chepesi cha asili ya bidhaa, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ili bidhaa za Afrika Mashariki zisitozwe ushuru wa forodha. Na bado mama mwenye magunia mawili anapandisha mzigo kwenye bodaboda na kupita njia ya panya. Ukasema labda anaogopa sare, labda cheti hajakisikia, labda amepiga hesabu akaona foleni inamla siku. Nilipokuuliza ni lipi hasa, hukuwa na jibu, na wiki nzima ulikuwa ukinitumia mawazo mapya. Msichana aliyechoka tu kuhamahama hafanyi hivyo.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, nenda, ila nenda na swali hilo. Liandike kwa kurasa mbili, upeleke Taasisi ya Mafunzo ya Maendeleo pale Chuo Kikuu cha Nairobi, ukamtafute mwalimu anayeshughulika na biashara za mipakani. Mpate huyo kabla hujalipa ada ya maombi. Asipokujibu sasa, hatakujibu ukiwa umekwama sura ya pili.

Vibarua usivifiche. Kuna vyuo vinavyompokea mwenye daraja la pili la chini, kama lako, akionyesha uzoefu wa kazi. Na ukitaka kujaribu Uingereza, ufadhili wa Chevening unadai saa 2,800 za kazi, na kazi za muda na za kujitolea pia zinahesabiwa. Nimechukua kikokotoo nikajumlisha mapokezi ya Lamu na ukalimani wa Busia, unazipita. Ila wakikufadhili lazima urudi nyumbani kwa miaka miwili isiyopungua, jambo ambalo mimi silioni kuwa adhabu.

Salio lako la HELB, ule mkopo wa serikali uliosomea shahada, lilipe au lipangie malipo kabla ya kuomba mkopo mwingine. Na wakati wa kwenda kuhoji watu ukifika, leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, iombe mapema. Nimeona watu wakisimama kwa ajili ya karatasi hiyo moja.

Shangazi yako anasema ungeolewa kwanza. Mwache, tutampeleka harusi ya jirani.

Karo: mimi na baba yako tunaweza muhula wa kwanza, zaidi ya hapo tutadanganyana. Chumba cha nyuma kitakuwa chako mpangaji akitoka Desemba. Transkripti zako zimo kwenye ile bahasha ya kaki kabatini. Nitaziskani leo jioni saiba ikitulia, nikutumie.

Mama yako