Ukijenga nyumba ya ibada, wabariki waliojenga

Mimi ni mhazini wa kamati iliyojenga sinagogi letu, nyumba ndogo ya ibada ya Kiyahudi, ya matofali na mabati, hapa Kenya. Ndugu wanaotaka kujenga lao huniuliza waanzie wapi.

Anzieni na pesa ya msingi, na kila mtu alipe sawa na mwenzake. Sisi tumelelewa na harambee: mwenye nacho anasimama, jina linatajwa, anapigiwa makofi. Kwa viti na madirisha sina neno. Kwa msingi, fuateni kitabu cha Kutoka. Kule jangwani kila mwanamume aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli, kipimo cha uzito wa fedha; tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Walikuwa 603,550, zikapatikana talanta 100 za fedha (talanta moja ni shekeli 3,000) na shekeli 1,775. Talanta zile 100 zilitengenezewa vikalio 100, na juu yake zikasimama mbao za Maskani, lile hema la ibada la Waisraeli, na nguzo za pazia. Dhahabu na vitambaa vya thamani vilitolewa kwa hiari ya moyo, lakini pale chini palibebwa na wote kwa kiasi kimoja. Nasi tulipanga kiasi ambacho mama muuza sukuma wiki angekimudu, na wenye magari wakalipa hicho hicho. Hakuna awezaye kumwambia mwenzake kwamba hapa ni kwake zaidi.

Hesabu zibandikwe ukutani. Hata mali ya Maskani ilihesabiwa kwa agizo la Musa, ikaandikwa. Na vikitosha, semeni vimetosha: watu walipoleta kupita mahitaji, Musa alipiga mbiu wasilete tena. Naipenda sana sura hiyo. Kamati inayojua kukataa mchango huaminiwa hata siku itakaporudi kuomba.

Fundi aambiwe kuhusu Shabati, siku yetu ya pumziko inayoanza Ijumaa jua likizama, kabla hajachukua kazi. Torati inataja pumziko kwanza, kisha ujenzi wa Maskani, na wahenga wetu walielewa kwamba hata kazi ile takatifu ilisimama siku ya saba. Kwa hiyo zege lisipangwe Ijumaa alasiri, na vibarua walipwe mapema siku hiyo.

Siku ya kuzindua, someni Zaburi ya 30, kisha semeni baraka ya aliye mwema na atendaye mema, ile inayosemwa kwa jambo jema la watu wengi. Suleimani alipozindua Hekalu alikiri kwamba mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba aliyoijenga. Musa naye alipoitazama kazi yote imekwisha, Torati inasema aliwabariki watu. Kwa hiyo waiteni waliobeba maji, waliopika, mafundi wasio Wayahudi pia, mtaje majina yao na kuwaombea: "Kazi ya mikono yetu uithibitishe." Viti vya mbele viwe vyao, wageni wa heshima wakae nyuma yao.